Alzheimer: Tulitazama Uchafu, Tukamsahau Hamali

Miaka kadhaa iliyopita baba mkubwa alinikabidhi karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. Vilikuwa vipimo vya mkewe, mama mkubwa wangu. Mistari minne: kolesteroli yote, LDL, HDL na trigliseridi, na kila namba ilikuwa ndani ya kiwango. "Soma mwenyewe, mwanangu," akasema. "Lehemu yake iko sawa kabisa. Sasa huku kichwani kumeingia nini?" Mama mkubwa alikuwa ameketi kando yetu, mkoba mapajani, akiuliza kwa mara ya tatu ni nani aliyemleta pale. Alikuwa anamuuliza mumewe.

Siku ile sikuwa na la kumjibu. Nililolijua baadaye ni kwamba karatasi haikudanganya. Ilisema kweli tupu kuhusu damu, na mafuta ya damu na mafuta ya ubongo ni hesabu mbili zilizotenganishwa na ukuta. Nimekuja kuamini kwamba kutoitazama hesabu ya pili kumetuchelewesha sana kuuelewa ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu. Kwa zaidi ya miaka 30 macho yalielekezwa kwenye uchafu unaorundikana katika ubongo wa mgonjwa, huku protini zinazobeba mafuta, ambazo ushahidi ulizinyooshea kidole mapema, zikiwekwa kando kama jambo la urithi lisilotibika.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini umebeba kati ya asilimia 20 na 25 ya kolesteroli yote tuliyo nayo. Sehemu kubwa imo kwenye mayelini, ile ala ya mafuta inayozunguka nyuzi za neva na kuufanya ujumbe upite haraka. Iliyobaki imo kwenye tando za seli, na hasa pale seli moja ya neva inapokutana na nyingine. Ukiondoa maji yote kwenye ubongo, takriban nusu ya kinachobaki ni mafuta ya namna mbalimbali. Mtu anayesema mafuta ni adui wa mwili hajafikiria kichwa chake kimejengwa kwa kitu gani.

Kolesteroli hiyo haitoki kwenye damu. Seli zinazojenga kuta za mishipa midogo ya ubongo zimeshonana kiasi kwamba chembe za LDL, zinazobeba kolesteroli kwenye damu, hazipiti. Kwa hiyo ubongo hujitengenezea kolesteroli yake. Kwa mtu mzima kazi hiyo hufanywa zaidi na astrosaiti, seli zenye umbo la nyota zinazoishi katikati ya seli za neva. Seli za neva zenyewe zina kazi nyingine ya kutosha, na hutegemea kuletewa. Hapo ndipo anapohitajika hamali.

Hamali huyo ni protini iitwayo apolipoprotini E, kwa kifupi APOE, mnyororo wa asidi amino 299. Mafuta hayachanganyiki na maji, na ubongo umejaa maji, hivyo lazima yafungwe kwenye chembe ndogo zinazoweza kusafiri. Protini nyingine, ABCA1, inasimama kwenye utando wa astrosaiti na kumpakia APOE mzigo. Akifika kwenye seli ya neva anashika vipokezi mlangoni, kimojawapo LDLR, na mzigo unaingizwa ndani. Kuna na njia ya kutokea. Kolesteroli iliyozidi haiwezi kurudi kwenye damu ilivyo, kwa hiyo kimeng'enya CYP46A1 huiongezea chembe ya oksijeni, nayo hupata uwezo wa kupenya ukuta na kwenda kusafishwa na ini. Mzunguko huu ni wa polepole mno. Nusu ya kolesteroli iliyomo katika ubongo wa mtu mzima hukadiriwa kukaa humo miaka kama mitano kabla haijabadilishwa. Kosa dogo la usafirishaji halionekani leo wala kesho. Linajilimbikiza kwa miongo, na tabia hiyo inafanana sana na ya Alzheimer.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko yote katika habari hii. Mtafiti Frank Pfrieger na wenzake walikuza seli za neva peke yake kwenye vyombo vya maabara. Seli ziliishi, zikatoa nyuzi, lakini zilitengeneza miunganiko michache isiyo na nguvu, kama majirani wasioamkiana. Walipoziwekea majimaji yaliyotoka kwenye seli saidizi, kundi ambalo astrosaiti zimo, miunganiko ikaongezeka mara kadhaa. Walitafuta ni kitu gani kilichomo humo chenye nguvu namna ile, na mwaka 2001 wakatoa jibu: kolesteroli, iliyobebwa ndani ya chembe zenye APOE. Kumbukumbu ni miunganiko. Na miunganiko, jaribio lile lilituonyesha, husubiri mzigo wa mafuta ufike.

Lakini jina la APOE lilikuwa limekwisha kusikika katika habari za Alzheimer kabla ya hapo. Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Allen Roses, Warren Strittmatter na wenzao walionyesha kwamba jeni ya APOE iliyoko kwenye kromosomu ya 19 inahusiana na Alzheimer ya uzeeni, ile inayowapata wagonjwa walio wengi. Jeni hiyo ina sura tatu kuu: E2, E3 na E4. E3 ndiyo ya kawaida kuliko zote. E4 inatofautiana nayo kwa asidi amino moja tu kati ya 299, pale kwenye nafasi ya 112, ambapo sisteini imeiachia nafasi arginini. Katika watu wenye asili ya Ulaya, mwenye nakala moja ya E4 ana hatari inayofika kama mara tatu ya yule asiye nayo. Mwenye nakala mbili, hatari hupanda mara nane hadi 12, na baadhi ya hesabu zinapita hapo. E2, kinyume chake, hupunguza hatari.

Tafakari uzito wa jambo hilo. Katika Alzheimer ya kawaida hakuna jeni nyingine iliyoenea kwa watu wengi namna hii inayosukuma hatari kwa nguvu hiyo, na kazi yake inajulikana: kubeba mafuta. Ungetegemea kwamba kuanzia siku ile fedha na akili zingemiminwa kwenye swali la usafirishaji. Haikuwa hivyo. Mwaka mmoja kabla, watafiti John Hardy na Gerald Higgins walikuwa wameandika nadharia ya amiloidi, kwamba mabaki ya protini yanayorundikana nje ya seli ndiyo chanzo na mengine yote hufuata. Nadharia ilikuwa safi, iliyonyooka, na ilitoa shabaha ambayo dawa ingeweza kulenga. APOE ikageuzwa kuwa kipengele cha hatari, kitu cha kuandikwa kwenye jedwali pamoja na umri na jinsia. Hata ilipochunguzwa, mara nyingi iliulizwa inaifanya nini amiloidi. Inayafanya nini mafuta lilikuwa swali la wachache.

Na mafuta yalikuwapo tangu siku ya kwanza. Alois Alzheimer alipochunguza ubongo wa mwanamke wa miaka 55 aliyefariki Frankfurt mwaka 1906, aliandika kuhusu vibandiko, ambavyo ndivyo amiloidi, na nyuzi zilizojisokota, na hivyo viwili ndivyo vitabu vyote vinavyovitaja. Lakini katika maandishi yake ya mwaka 1907 alitaja pia jambo la tatu: seli saidizi nyingi zilikuwa na vifuko vya mafuta ndani yake. Kwa karibu karne nzima, hilo la tatu lilipitwa na wengi.

Mwaka 2024 kundi la Tony Wyss-Coray huko Stanford lilivirudia vifuko hivyo kwa zana za leo. Walitazama maikroglia, seli za ulinzi na usafi za ubongo. Katika ubongo wa wagonjwa wenye E4 mbili walikuta maikroglia nyingi zilizovimbiana matone ya mafuta, zikiwa zimewasha kimeng'enya cha kutengeneza na kuhifadhi matone hayo. Seli ya namna hiyo haisafishi tena ipasavyo. Mbaya zaidi, majimaji inayoyatoa, yakiwekwa kwenye seli za neva, huifanya protini ya tau, ile inayounda nyuzi zilizojisokota, ianze kubadilika kwa namna ileile inayoonekana kwenye ugonjwa, na seli nyingine hufa. Yaani aliyeajiriwa kufagia amejaza magunia mlangoni hadi wenye nyumba hawawezi kutoka.

Miaka miwili kabla, maabara ya Li-Huei Tsai ilikuwa imeonyesha upande mwingine wa kosa hilohilo. Katika seli zinazotengeneza mayelini, E4 iliifanya kolesteroli ibaki imelundikana ndani badala ya kufikishwa kwenye ala za nyuzi. Mafuta yalikuwapo, hata kwa wingi, ila mahali pasipo pake. Panya wenye E4 walipopewa saiklodekstrini, dawa inayosaidia kolesteroli kusogea, mayelini iliongezeka na kujifunza kukaboreka. Ni panya, najua. Mwaka 2012 dawa ya bexarotene, inayochochea utengenezaji wa APOE, iliwafanyia panya maajabu yaliyotangazwa kwa shangwe. Maabara nyingine ziliporudia, nyingi hazikuyaona maajabu yaleyale, na majaribio kwa binadamu hayakuleta tiba. Tangu hapo habari ya panya huipokea kwa mikono miwili lakini siifungulii mlango wote.

Kinachonishawishi zaidi ya panya ni kwamba APOE hayuko peke yake. Uchunguzi mkubwa wa jeni za maelfu ya watu ulipoanza kutoa majibu, mwaka 2009 ilitajwa klasterini, ambayo nayo ni apolipoprotini. Mwaka 2011 ikatajwa ABCA7, ndugu wa ABCA1, inayosogeza mafuta kupitia utando wa seli. Mwaka 2013 ikaja TREM2, kipokezi kwenye maikroglia kinachohisi mafuta na chembe za lipoprotini. SORL1 ni jamaa wa vipokezi vya LDL. Hakuna aliyewaambia watafiti watafute protini za mafuta. Walitupa wavu baharini wakiwa hawajui watavua nini, na kila walipouvuta, samaki wa ukoo uleule walikuwamo.

Sipendi, hata hivyo, kuigeuza hoja hii kuwa ushindi juu ya watu wa amiloidi. Familia zenye hitilafu kwenye jeni inayohusika moja kwa moja na utengenezaji wa amiloidi hupata ugonjwa wakiwa na miaka ya arubaini, na huo ni ushahidi usiopingika. Dawa ya lecanemab, iliyopata kibali kamili Marekani mwezi Julai 2023, huondoa amiloidi na ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27 katika miezi 18. Kwa mizani inayopimia kudhoofika huko ni nukta 0.45 kati ya 18. Ni kidogo, lakini si sifuri. Ila hata humo APOE anajitokeza. Uvimbe wa ubongo unaosababishwa na dawa hiyo ulionekana kwa asilimia 32.6 ya waliokuwa na E4 mbili, dhidi ya asilimia 5.4 ya wasio na E4. Wale ambao ugonjwa umewaandama zaidi ndio dawa inaowaumiza zaidi. Mtu anayesema APOE ni suala la pembeni anijibu hapo.

Halafu kuna mwanamke wa Kolombia, kutoka jimbo la Antioquia. Alizaliwa katika ukoo ambao wenye hitilafu ya presenilini, mojawapo ya jeni hizo za amiloidi, huanza kupoteza kumbukumbu wakiwa na miaka kama 44. Yeye alikuwa na hitilafu hiyo, na ubongo wake ulijaa amiloidi kuliko wa jamaa zake. Akaendelea na akili timamu hadi miaka ya sabini. Francisco Lopera, Yakeel Quiroz na Joseph Arboleda-Velasquez waliripoti habari yake mwaka 2019. Alikuwa na nakala mbili za badiliko adimu la APOE liitwalo Christchurch, ambalo hubadilisha jinsi protini hiyo inavyoshika vipokezi na sukari zilizo juu ya seli. Amiloidi ilikuwa pomoni, tau ilikuwa kidogo. Mtu mmoja hatoshi kuthibitisha kanuni. Lakini mtu mmoja anatosha kuonyesha kwamba kati ya uchafu na maangamizi kuna mlango, na komeo lake liko kwenye APOE.

Yupo na mwingine, anayeibana hoja yangu. Mwaka 2014 iliripotiwa habari ya mwanamume wa California wa miaka 40 ambaye hana APOE kabisa. Kolesteroli ya damu yake ilikuwa juu kupindukia, mafuta yamemtoka kwenye ngozi kwa vinundu. Madaktari wakampima ubongo, macho, kumbukumbu, na hawakuona kasoro ya maana. Kama hamali ni muhimu hivyo, ubongo wake ulijengwaje bila yeye? Jibu ninaloliona ni kwamba wapo hamali wa akiba, na kwamba hamali mbovu ni hatari kuliko asiyekuwapo. E4 hushikilia nafasi. Hunasa ndani ya seli pamoja na vipokezi na ABCA1, na kuifunga njia ambayo mwingine angeipitia. Kama ndivyo, kupunguza E4 kunaweza kufaa kuliko kumwongezea mafuta. Naandika hivyo nikijua miaka 40 si 80, na mtu yule bado alikuwa kijana kwa umri wa ugonjwa huu.

Hapo ndipo vidonge vya mafuta ya samaki vinapoingia, kwa kuwa watu huniuliza kila mara. DHA, mafuta ya omega-3 ambayo ubongo huyahitaji sana, ni tofauti na kolesteroli: hutoka kwenye damu. Mwaka 2014 kundi la David Silver huko Singapore lilitambua mlango wake, protini iitwayo MFSD2A kwenye ukuta wa mishipa ya ubongo, na watoto wanaozaliwa na hitilafu kubwa ya protini hiyo huwa na vichwa vidogo na ulemavu mzito. Mlango huo hupokea DHA ikiwa imefungwa kwa namna maalumu tu, imeunganishwa na fosfolipidi. Miaka minne kabla ya ugunduzi huo, wagonjwa wa Alzheimer walikuwa wamepewa gramu 2 za DHA kila siku kwa miezi 18, na ugonjwa haukupungua kasi. Simvastatini na atorvastatini nazo zilijaribiwa kwa wagonjwa, zikashusha kolesteroli ya damu, lakini hazikupunguza mwendo wa ugonjwa. Kuongeza mzigo bandarini au kuupunguza hakusaidii kitu kama tatizo liko kwa mbebaji. Asitupe mtu dawa zake kwa sababu ya maneno yangu, maana mishipa ya damu inazihitaji, na tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 iliiweka LDL ya juu katika umri wa kati miongoni mwa mambo 14 ambayo yakidhibitiwa yanaweza kuepusha au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia, yaani kupotewa na akili kwa namna zake zote, Alzheimer ikiwemo. Damu na ubongo havitumii hamali mmoja, lakini ubongo huishi kwa mishipa.

Jambo linalonikera kuliko yote liko kwenye takwimu. Hatari za E4 nilizozitaja ni za watu wenye asili ya Ulaya. Tangu mwaka 1992, Hugh Hendrie wa Indianapolis, pamoja na Benjamin Osuntokun na Adesola Ogunniyi wa Ibadan, walifuatilia wazee wa Kiyoruba nchini Nigeria na wazee Wamarekani wenye asili ya Afrika huko Indianapolis kwa vipimo vilevile. Mwaka 2001 walitoa matokeo: kila mwaka wazee 2.52 kati ya 100 wa Indianapolis walipata Alzheimer, na 1.15 tu wa Ibadan. E4 ilikuwapo kwa wingi Ibadan, lakini haikuonyesha makali yale yanayojulikana. Baadaye, kwa idadi kubwa zaidi ya watu, hatari ilionekana kwa wenye nakala mbili. Watafiti wengine wameonyesha kwamba kipande cha kromosomu kinachoizunguka E4, kikiwa cha asili ya Afrika, huambatana na hatari ndogo kuliko kikiwa cha asili ya Ulaya. Kwa upande mwingine, mwaka 2013 ilionekana kwamba ABCA7 huwaongezea Wamarekani wenye asili ya Afrika hatari inayokaribia ile ya APOE kwao. Hamali yuleyule, mzigo uleule, na matokeo tofauti. Kama kuna mahali maumbile yenyewe yameficha namna ya kumpunguzia E4 makali, ni hapo. Na bado hazina kubwa ya vinasaba ambayo dawa hutafutiwa humo imejaa watu wa asili moja. Hilo kwangu ni kosa la haki, na ni kosa la kisayansi pia, kwa kuwa unatafuta ufunguo huku umekipa kisogo chumba ambamo ufunguo huo umo.

Watoto wa mama mkubwa, dada zangu wawili na kaka mmoja, walinikalisha baada ya msiba wakaniuliza kama wapime APOE. Niliwaeleza ninachokijua. Wapo wenye E4 wanaofika miaka 90 wakiwa na akili zao, na wapo wasio nayo hata moja ambao wanaugua. Niliwaambia pia kuhusu James Watson, mmoja wa wagunduzi wa umbo la DNA, ambaye vinasaba vyake vyote vilipochapishwa aliomba sehemu moja tu ifichwe, hata yeye asiione: APOE. Bibi yake alikuwa na Alzheimer.

Kaka alisema hataki kujua. Dada mkubwa alikwenda kupima wiki iliyofuata. Dada mdogo aliichukua ile karatasi ya mistari minne, akaikunjua, akaniuliza ni mstari upi unaohusu kichwa cha mama. Nikamwambia hakuna.